Zamu ya Obura

Kisumu,
10 Februari 2025

Kwa Mjomba Naftaly,

Huku tuko wazima, shida ni joto tu. Mtu anaoga asubuhi, na kufikia saa nne ni kama hakuoga. Watoto wamebaki Naivasha na mama yao. Natalie anasema anataka kuwa rubani. Wiki iliyopita alitaka kuwa daktari wa ng'ombe. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile dawa ya goti aliyokununulia unaipaka au unaitazama tu.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Nilikupigia mara nne, na mara zote nne uliita "Nani?" mpaka sauti ikakukauka, kisha ukakata. Dada Wariara, binti yako, ameniambia nisijisumbue, kwamba boila ilikula masikio yako zamani na yaliyobaki hayatoshi simu. Basi tutaandikiana. Muturi, yule wa lori la viazi, hupita Gilgil kila wiki akija Kisumu, na hawezi kupita Kikopey bila kusimama kula nyama. Amekubali kubeba barua zetu.

Sasa kilichonileta. Kandarasi yangu ya Olkaria iliisha Desemba, na nimepata kazi ya miezi sita hapa. Hutaamini ni ya nini. Ni Kamongo! Ile boti yako ya mvuke ya kukokota meli, uliyoilisha kuni miaka ishirini na tatu, na ambayo mama alituchosha nayo tukiwa wadogo. Imelala kwenye matope tangu 1985. Kikundi fulani cha wapenda vitu vya kale kimeivuta nchi kavu, na wanataka ipandishe mvuke tena kwa siku moja tu, Julai tarehe ishirini na sita, ikokote tishari moja mbele ya watu. Fundi mkuu ni Wasike, na yeye ni mtu wa dizeli. Mimi nimepewa boila kwa sababu nimefanya kazi ya mabomba ya mvuke. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwasha boila ya kuni. Waliojua wamekufa wote isipokuwa wewe.

Nina maswali matano. Moto unawashwa saa ngapi kabla ya safari? Kuni za mti gani? Maji yafike wapi kwenye kile kioo cha kuonyesha maji ya boila? Na zile koki zilizo kwenye kioo ni za nini hasa, maana ya chini imeganda kabisa?

La tano halihusu chuma. Kuna mama huja hapa kila Jumanne, mwalimu mstaafu, tunamwita Mama Shantel. Huja na kiti chake cha plastiki, anakaa kando ya ukuta, anatutazama tukikwangua kutu. Ni binti ya marehemu Obura, fayamani, mlisha moto mwenzako. Baba yake alifutwa kazi mwaka 1974 kwa kuunguza boila ya Kamongo, na mpaka anazikwa watu walimwita Obura Aliyeunguza. Anataka kujua siku ile ilikuwaje. Nimemwambia yuko mtu hai anayejua.

Tafadhali mjomba, jibu yote matano.

Mpwa wako,
Njuguna


Gilgil,
4 Machi 2025

Njuguna, mwana wa dada yangu,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya mbuzi. Inaonekana Muturi alikula akiwa ameishika.

Sisi tupo. Mvua haijaja. Majirani wote wamepanda kwenye vumbi kwa sababu mtu wa redio aliwaambia wapande. Mimi redio siisikii, kwa hivyo mbegu zangu ziko salama kwenye debe. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha akamkataa mmoja, na sasa ni mimi ninayemnyonyesha kwa chupa, mzee wa miaka themanini na tatu. Wariara bado ananisumbua nihamie kwake Free Area, Nakuru, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka. Nimemwambia siwezi kuishi mahali ambapo nikifungua dirisha langu naona dirisha la mtu mwingine. Mama yako naye mwambie goti ni langu.

Nimesoma kwamba wewe ni mtu wa mvuke, nikacheka mpaka mbuzi akaacha chupa. Mvuke wa Olkaria unatoka ardhini ukiwa umeiva! Fayamani wenu ni Mungu. Ninyi mnafungua bomba tu, kama mtu anayekuta chai mezani akajiita mpishi. Sisi wetu tuliupika.

Haya, sikiliza. Boila baridi inawashwa jioni ya siku iliyotangulia, kwa moto mdogo, moto wa uji wa mtoto. Ukiwasha kwa pupa chuma kinavimba upande mmoja na ribiti, zile misumari za mabamba, zinaanza kutoa machozi. Anza na kuni nyembamba huko nyuma ya tanuri, ngoja zikamate, ndipo uje mbele. Kuni haitupwi, inawekwa. Anayetupa kuni anatoboa moto, hewa baridi inaingia, na geji inashuka ukiiangalia kwa macho yako. Alfajiri utakuwa na mvuke wa ratili mia na ishirini. Kabla ya hapo hata kapteni akipiga kengele mpaka mkono uchoke, mwambie asubiri.

Kuni ni mgunga, uliokauka mwaka mzima. Makaa ya mawe yalikuwa ya meli kubwa; sisi wa boti ndogo wakubwa walituona kama wapishi wa shule, wakatupa kuni. Blugamu usiiguse kama una kuni nyingine. Inawaka kwa kelele nyingi kama mhubiri mgeni, na baada ya dakika kumi hakuna kitu.

Maji ni nusu ya kioo. Siku zote nusu.

Ya koki nitakuandikia siku nyingine. Karatasi imeisha.

Mjomba wako,
N. Gathogo


Kisumu,
19 Machi 2025

Mjomba,

Pokea salamu zetu, na pole kwa kazi ya ulezi. Nimesikia mvua imeanza kwenu na kwamba debe lako la mbegu limekutoa kimasomaso mbele ya majirani. Mama anasema ataongea na goti moja kwa moja.

Asante kwa ya moto na kuni. Nimeyabandika ukutani, na Wasike huyasoma akinywa chai kama vile anasoma Biblia. Lakini mjomba, karatasi haikuisha. Nimeigeuza. Upande wa pili ni mweupe pe! Na mtu aliye na nafasi ya kunieleza tabia za blugamu ana nafasi ya kuniambia jambo moja kuhusu Obura.

Jumanne nilimkuta Mama Shantel ameshafika kabla yangu. Akaniuliza, "Kijana, mzee amejibu?" Nikamwambia amejibu, lakini si yote. Akasema, "Sawa. Mimi niko tu," akarudi kwenye kiti chake. Unajua ni vigumu kukwangua kutu ukiwa unatazamwa hivyo?

Sasa nikuambie kilichopatikana. Wasike amefungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha kapteni, na ndani yake mna kitabu cha zamu. Panya wamekula pembe zake, lakini Novemba 1974 ipo. Jumamosi tarehe tisa. Zamu ya asubuhi, Gathogo, na sahihi yako ninaifahamu. Saa nane mchana, Obura. Kisha kwa mwandiko wa mtu mwingine: "Saa nane na nusu risasi imeyeyuka, maji yalikuwa chini. Uzembe wa Obura."

Nimelitazama tundu la kile kizibo cha risasi hapo juu ya tanuri. Hata mimi wa mvuke wa bure najua kazi yake: maji yakipungua kinayeyuka, mvuke unamwagika na kuzima moto kabla boila haijapasuka. Na najua jambo lingine pia. Boila ya ukubwa huu haikauki kwa nusu saa.

Mjomba, ulimwachia maji kiasi gani?

Njuguna


Gilgil,
2 Mei 2025

Njuguna,

Usishangae kuchelewa. Muturi aliisahau barua yako kwenye lori, chini ya kiti, na lori likaenda gereji. Hii yangu pia ilingoja kwa sababu nilikuwa napalilia. Maharagwe yametoka vizuri. Yule mbuzi wa chupa sasa ananifuata mpaka kanisani, na Jumapili alilala katikati ya viti ibada ikaendelea. Wariara alikuja na vipeperushi vya mashine za masikio. Nimevitumia kuwashia jiko.

Uliniandikia kama askari anayeandika taarifa ya mshukiwa. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kutoka stesheni ya Gilgil ulipovunjika mguu. Nakukumbusha tu.

Kama ni historia unayotaka, chukua hii. Kamongo ilifika kabla sijazaliwa, vipande vipande kwa treni, kila bamba na nambari yake, ikaenda kuunganishwa huko ziwani. Ilipita hapa hapa. Baba aliona mkia wake kwenye behewa akadhani ni pipa la wazungu la kutengenezea pombe. Meli kubwa ndizo zilizoandikwa magazetini, zikapigwa picha na wake za mabwana. Lakini meli kubwa ikifika gatini ni kama ng'ombe mnene mlangoni pa zizi, haigeuki, haiingii. Sisi tuliisukuma kwa pua mpaka ikaegeshwa. Tulikokota matishari ya pamba, ya mahindi, ya mawe, mawili mawili, kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, na hakuna mtu aliyetupungia mkono.

Mwaka 1968 meli ya mifugo ilipanda mchanga. Tuliivuta kwa muda wa saa kumi na moja. Kule chini joto lilikuwa la kumkausha mtu, kwa hivyo mimi na Obura tulipokezana tanurini kila robo saa. Anayetoka alimwagiwa ndoo ya maji kichwani na anayeingia. Ng'ombe walikuwa wanalia, kapteni anatukana, kamba imekazika mpaka inaimba. Ilipotoka mchangani, Obura alikaa chini akacheka kama amerukwa na akili, na mimi nikacheka naye, hatujui tunacheka nini. Yeye ndiye aliyenifundisha kula samaki. Sisi wa Gilgil siku zile tulidhani samaki ni nyoka wa majini tu. Alinimenyea wa kwanza kwa mkono wake, akatoa miiba yote.

Obura alikuwa mtu mwema. Amekufa, na mimi siko mbali. Waache wafu wapumzike, na huyo mama mwambie hivyo kwa heshima.

Koki iliyoganda isafisheni. Hilo tu.

N. Gathogo


Kisumu,
10 Mei 2025

Mjomba,

Nyumbani wote wazima. Nafurahi kwa maharagwe. Nimemaliza salamu.

Nimechoka. Nimekuuliza jambo moja tangu Februari, na nimepata mbuzi, blugamu, mhubiri mgeni, ng'ombe wa 1968, na mguu wangu uliovunjika nikiwa na miaka saba. Nakushukuru kwa mguu. Lakini siwezi kumwambia Mama Shantel aache wafu wapumzike, kwa sababu huyo wake hajapumzika. Ana miaka sitini na sita. Aliacha shule mwaka mzima baba yake alipofutwa kazi. Ameniambia hayo bila kulia, akiwa anamenya chungwa, na mimi nilikuwa nimesimama na brashi ya chuma mkononi sijui niangalie wapi.

Ya kazi ni haya. Mkaguzi wa boila alikuja, akaijaza maji baridi akaisukuma kwa presha kupita ile ya kazi, na haikutoa hata jasho. Kizibo kipya cha risasi kimeingia. Ile koki ya chini imefunguka baada ya siku mbili za mafuta na nyundo. Tarehe imebaki ile ile ya Julai.

Tumepanga zamu. Mimi nitawasha, Wasike atanipokea, kisha mimi tena, mpaka boti irudi. Ili tusipoteze muda mbele ya wageni tumeweka utaratibu mfupi: anayetoka anataja maji yako wapi, anayeingia anaandika kitabuni, basi. Mimi na Wasike tunaaminiana, hakuna haja ya kila mtu kuanza kufungua koki upya.

Na kuna ubao utakaowekwa gatini, wenye majina. Wameandika: "Naftaly Gathogo, fayamani, miaka ishirini na mitatu bila doa." Mwenyekiti wa kikundi aliusoma kwa sauti siku ya Jumanne, watu wakapiga makofi. Mama Shantel alisimama, akakunja kiti chake, akaondoka kabla ya saa yake.

Nakuachia hapo.

Njuguna


Gilgil,
17 Mei 2025

Njuguna,

Leo sina salamu. Nimempa Muturi barua hii mkononi mwake na nikamsimamia mpaka akaondoka bila kula.

Futa huo utaratibu. Ufute leo. Anayeingia zamu afungue koki ya chini mwenyewe, aachie maji ya kioo yatoke yote, afunge, ayaone yakipanda tena kwa macho yake. Hata kama aliyemwambia "nusu" ni baba yake mzazi. Hata kama ni mimi. Kioo kikizibwa na tope huko chini, maji yaliyo ndani yake hayashuki. Boila inakauka na kioo bado kinakuonyesha nusu. Kinakudanganya na uso mtulivu.

Hiyo koki ndiyo iliyoganda kwangu. Ilikuwa ngumu wiki nzima ile. Kuifungua kulitaka spana na vitambaa na vidole vya kuungua, na mimi niliahirisha Jumatatu, nikaahirisha Jumanne, mpaka Jumamosi.

Jumamosi ile nilikuwa na treni ya saa tisa. Jumapili tulikuwa tunapigia kura ploti huku Gilgil, za lile shamba la mzungu tulilonunua kwa kikundi. Nambari ziliwekwa kwenye kofia, na asiyekuwepo hakuokota. Nilikuwa nimechanga miaka minne. Akili yangu ilikuwa ndani ya ile kofia tangu alfajiri. Kioo sikukisafisha hata mara moja.

Obura akashuka saa nane. Akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, glasi je?" Nikamwambia, "Nusu. Nimeisafisha."

Sheria ilikuwa afungue mwenyewe. Mafayamani wote waliijua. Lakini mimi na yeye tulikuwa tumeiacha siku nyingi. Mwenzako akishakuambia, kufungua koki mbele yake kulikuwa kama kunusa chakula ulichopakuliwa na mkewe. Alinivalisha koti langu mwenyewe akasema niwahi. Akaanza kuweka kuni.

Nilirudi baada ya wiki mbili nikiwa na karatasi ya ploti mfukoni. Nikakuta kesi ofisini. Mzee mmoja wa ofisi akaniuliza mbele ya Obura, "Gathogo, uliacha kioo kikiwa kimesafishwa?" Nilisema, "Ndiyo, bwana." Maneno mawili tu. Obura hakubisha. Alinitazama, akachukua koti lake kwenye msumari, akatoka. Nilidhani atanisubiri nje anipige. Hakunipiga. Miaka mingine kumi na moja nilifanya kazi kwenye ile boti, na kila zamu nilikisafisha kile kioo mara tatu, mara nne, mpaka kapteni akaniuliza kama ni ugonjwa.

Kiti nilichokalia nikikuandikia kiko kwenye ile ploti. Nambari mia na kumi na saba. Ndiyo hii yenye maharagwe.

Msomee mama huyo barua hii. Usimsomee vipande, soma yote.

Naftaly


Kisumu,
28 Mei 2025

Mjomba,

Nakusalimu, na nataka ujue nakusalimu kwa dhati, kwa sababu siku mbili baada ya barua yako sikutaka hata kulitaja jina lako. Nilikukasirikia kuliko mkaidi yeyote ninayemjua. Nilimpigia mama simu nimwambie, nikaishia kumuuliza habari za kuku.

Utaratibu tumeufuta. Wasike alisoma ile sehemu ya kioo, akaenda akaifungua ile koki na kuifunga mara kumi. Nilimwambia mwenyekiti aondoe maneno "bila doa". Alinibishia, akasema tayari yameshachorwa. Nikamwambia nitayakwangua mwenyewe, kazi ya kukwangua naijua sasa. Ameyaondoa.

Mama Shantel alikuja jana. Nilivuta ndoo nikakaa mbele yake nikamsomea yote, kuanzia "leo sina salamu" mpaka jina lako. Nilipomaliza nilitegemea alie, au aniambie asante, au anitukane. Akasema, "Hiyo naijua."

Nikamuuliza, "Unaijua vipi, mathe?"

"Baba alituambia jioni ile ile aliyofutwa. Mama akamwuliza, mbona hukusema? Baba akasema, Gathogo ameulizwa swali, wacha alale nalo, atakuja aseme mwenyewe. Mama alikasirika, ati huyo haji. Baba akasema atakuja. Kila treni ya Nakuru ikiingia alikuwa anaangalia barabara. Hakuwahi kusema mbele yetu kwamba anangoja, lakini sisi si vipofu. Aliangalia hivyo mpaka mwaka wa tisini na tatu. Ndipo akafa."

Mjomba, mimi nilidhani anakuja hapa kutafuta habari. Hakuwa anatafuta habari hata kidogo.

Nikamnyooshea barua, nikamwambia ni yake, aiweke. Akakataa kuishika. Akasema, "Karatasi ni ya nini? Aje aseme kwetu nyumbani, mbele ya ndugu zangu, mahali baba amelala."

Nikamweleza hali yako. Nikasema una miaka themanini na tatu, goti limeharibika, na zaidi ya yote husikii, hata wakikujibu hutajua wamesema nini, hata wakikutukana. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi.

"Kwani nimesema asikie?" akaniambia. "Nimesema aseme."

Sina la kuongeza. Sitakulazimisha, na sitakuambia usije.

Njuguna


Gilgil,
4 Juni 2025

Njuguna,

Nimepokea barua. Mwambie Mama Shantel nitakuwa hapo Alhamisi ya wiki ijayo. Usije kunipokea na usinipangie mtu wa kusema kwa niaba yangu. Wewe nionyeshe nyumba tu, kisha ukae kando.

Nimekuwa nikijifunza namna ya kulisema. Si jambo rahisi, maana nimelikalia miaka hamsini na lilikuwa limeganda. Jana alasiri nilisimama zizini nikajaribu. Nilianza na jina lake, Obura, nikasema saa, nikasema koki, nikasema kofia ya nambari, nikasema nilivyomdanganya na nilivyojibu ofisini. Mimi nilikuwa najinong'oneza. Sauti yangu sijaisikia vizuri tangu mwaka sijui gani, kwa hivyo nilikadiria.

Nilipogeuka nikamkuta Wariara mlangoni, amekuja na unga, analia. Nyuma yake majirani wamesimama barabarani na majembe yao, na mama mmoja wa kanisani amejishika kichwa. Wariara akachukua kalamu akaniandikia kiganjani kwamba nimesikika mpaka kwenye lami.

Nilikaa juu ya debe. Nilidhani nitaona aibu nife. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alikuja akanishika bega, akaenda zake, na ploti yake imepakana na yangu, nambari mia na kumi na nane, tuliokota siku moja.

Wariara atanileta yeye mwenyewe.

Basi huku Gilgil nimeshamwambia kila mtu. Amebaki Mama Shantel.

Naftaly